Hodi ya Handakini

Jumapili, tarehe 24 Agosti. Kumekucha na baridi kavu na upepo unaopuliza vumbi la barabarani mpaka ndani ya masufuria. Juu hakuna hata kiwingu. Mama mkwe anaota jua ukutani, amejifunga khanga mbili, anasema upepo huu si wa mwezi huu. Mimi sijui kama ni kweli au ni mifupa yake inasema.

Naandika mchana huu wakati nyumba imetulia. Mume wangu ametoka kwenda kumwonesha kazi yule bwana aliyechukua nafasi yake. Kesho bwana huyo anaingia handakini kwa mara ya kwanza peke yake, na mimi ndiye nitakayekuwa kwenye swichi. Tangu jana jambo hilo limenikaa kifuani. Nataka niliweke sawa kichwani kabla ya kesho, bila kumwonea mtu. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo pale nitakapokosea mambo ya mitambo, kosa ni langu, si la walionieleza.

Tunakaa mtaa wa Ng'ambo. Kiwanda kiko nje ya mji, upande wa reli, kinakamua mafuta ya mbegu za pamba. Mbegu zinamwagwa ghalani, na chini ya ghala kuna handaki. Ndani ya handaki kuna mkanda mrefu wa mpira unaotembea juu ya rola za chuma, unabeba mbegu mpaka kwenye mashine za kukamulia. Mle ndani mtu mzima anainama. Kuna giza, kuna joto, na nyuzi za pamba zinaelea hewani kama ukungu mpaka unatoka na nyusi nyeupe. Cheo cha mume wangu kilikuwa mpaka grisi, mtu wa kupaka. Mkanda ukisimama, anaingia na bomba lake la grisi na koleo, anapaka kwenye beringi za rola, anazoa mbegu zilizomwagika, anatoka. Mimi nilianza kwenye kuchekecha mbegu, baadaye nikapelekwa kwenye swichi ya kuwasha na kuzima mkanda kwa sababu, walisema, situlii kwa maneno lakini natulia kwa makalio. Hawakukosea. Nikikaa nimekaa.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi ambayo sikuwahi kumwuliza mtu ilianza lini. Hakuna aliyeingia handakini bila kupiga hodi. Kulikuwa na bomba la chuma linalopita handaki zima na kupanda hadi kwenye chumba cha swichi. Ukifika mdomoni mwa handaki unagonga na spana mara tatu, yule wa swichi anagonga kukujibu, ndiyo karibu yako. Usipojibiwa huingii. Ukitoka unagonga tena kuaga. Kuna kufuli pia lililotakiwa kufungwa kwenye swichi mtu akiwa ndani, lakini funguo zake zilipotea kabla sijaajiriwa na hakuna aliyezililia, maana hodi ilitosha. Miaka yote niliyokaa pale, mume wangu akigonga mimi nilimjua. Pigo lake la tatu huwa zito kuliko yale mawili. Sikuhitaji kumwona.

Mwaka jana msimu ulipokaribia, akaja fundi kutoka Dar na bobini ya waya. Alikuwa kijana wa Kizaramo, mpole, na kwa sababu sisi ni Wanyamwezi, utani ulianza kabla hajaweka begi chini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pole na safari."

"Safari gani? Nimelala tu kwenye treni. Safari walikwenda babu zenu, watani zangu, kwa miguu mpaka kwetu na meno ya ndovu kichwani, wakapewa kipande cha kaniki, wakarudi kwa miguu wakicheka."

Mume wangu akamjibu hapo hapo, "Na babu yako wewe alikuwa njiani ananusa sufuria zetu. Tukipika anatokea, tukibeba mizigo haonekani. Haya, shika upande huu wa ngazi, usimwaibishe tena."

Wakacheka, wakafanya kazi pamoja wiki nzima. Waya wenyewe waliupitisha handaki zima kando ya rola. Siku moja wakati wa chai fundi alitueleza. Alisema ndani ya ile plastiki kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Unapelekewa mwanga. Kitu chochote kilicho karibu nao kikitikisika au kikipata joto, mwanga unarudi umebadilika kidogo. Binadamu hawezi kuusoma mwanga huo, ni makelele matupu. Kinachousoma ni akili mnemba iliyomo kwenye kompyuta. Inasikiliza mchana na usiku, inajifunza, mwisho inajua hii ni rola nzima, hii ni beringi inayokufa, huyu ni panya anapita.

"Panya?" nikauliza.

"Panya, dada. Hata ukijamba mle ndani inajua."

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Basi huyo ni mkwe," akasema. "Humwoni, lakini mbele yake hukohoi."

Jina likaganda. Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kilisema Mkwe kasema hivi, Mkwe kanuna, Mkwe kalala. Nilipomhadithia mama mkwe hakufurahi. "Mkwe wa wapi anayesikiliza watu wakijikuna?" alisema. "Mkwe ana adabu zake."

Lazima niseme haki: Mkwe alifanya kazi. Mwanzoni mwa msimu aliandika kwenye skrini kwamba rola ya katikati ina joto. Sisi hatukuwa tumesikia kitu wala kunusa kitu. Mkanda ukasimamishwa, mume wangu akaingia, akaigusa ile beringi akaungua kiganja. Pamba iliyojishikiza pembeni yake ilishageuka rangi ya kahawia. Mle ndani ni pamba na mafuta tupu, na mlango ni mmoja. Siku hiyo nilimpenda Mkwe kwa moyo wote, na leo siwezi kukana.

Kwa ajili ya Mkwe chumba cha swichi kilihamishiwa juu ofisini, mbali na lile bomba, kwenye kioo na kiyoyozi. Hodi sikuweza kuisikia tena. Fundi akasema hakuna shida, tutamfundisha Mkwe hodi. Siku mbili alimwingiza mume wangu na kumtoa, agonge, atembee, asimame, agonge, atoke. Mwisho akagonga tu na kwenye skrini likatokea neno "MTU YUPO" na kitone chekundu, na kitone kikawa kinatembea. Alikuwa yeye. Nilimwangalia mume wangu akienda kitone kitone chini ya ghala la mbegu, anasimama kila rola, anaendelea. Sijui watu wengine wangejisikiaje. Mimi nilitaka kulia na sikuwa na sababu ya kumwambia mtu.

Fundi akanionesha na kitu kingine kabla hajaondoka. Mkwe akikosea, chini ya skrini kuna sehemu mbili za kubonyeza, Yupo na Hayupo. "Ukimsahihisha anajifunza," alisema. "Usiogope kumsahihisha. Kila ukimsahihisha anazidi akili." Nilimwelewa. Nasema nilimwelewa, maana baadaye kuna waliosema sikuelezwa, na huo si ukweli.

Msimu huu, mwezi wa sita, mchana mmoja mume wangu alikuwa amesimama kando yangu anakunywa maji, maana ofisini maji ni ya baridi. Skrini ikaandika MTU YUPO. Kitone kilikuwa mbali kabisa, kwenye mwisho wa handaki, ambako hakuna mlango.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Nilidhani wewe unajua."

Tukateremka. Watu wa zamu wote walikuwa uani, tukawataja mmoja mmoja. Mume wangu akachukua tochi akaenda mdomoni, akagonga, akasubiri. Nami nikarudi juu kwenye skrini. Sasa kulikuwa na vitone viwili. Kimoja kilitembea na kingine kilimngoja. Nilitamani kupiga kelele arudi, lakini kutoka kule juu asingenisikia, na handakini simu haishiki mtandao. Vitone vikakutana vikawa kimoja. Baadaye akatoka na nyusi nyeupe.

"Hakuna mtu," akasema. "Rola tu."

"Umeangalia vizuri?"

"Mama watoto, mle ndani hakuna pa kujificha hata kuku."

Nikampigia fundi. Akasema itakuwa kuna chuma kimelegea kinagonga mapigo yanayofanana na hodi, na Mkwe anadhani ni mtu. "Bonyeza Hayupo. Atajifunza." Nikabonyeza.

Ikawa mchezo wa kila siku. Hodi inapigwa, hakuna mpigaji. Wakati mwingine inakaa siku kadhaa kimya, halafu inarudi mahali pengine. Walibadilisha rola, ikanyamaza, ikarudi. Watu wakaanza maneno. Njia ya zamani ya misafara ilipita huko huko tulipo, kila mtu anajua, na mwashi mmoja aliyechimba lile handaki alisema walikuta shanga na mfupa wa paja, wakafukia wasije wakasimamishiwa kazi. Mwashi yule napenda hadithi zake lakini sijawahi kusikia hadithi yake ndogo. Wengine wakasema ni mpagazi aliyefia chini ya mzigo, anaomba pa kuutua. Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Kilichonisumbua ni kitu kidogo zaidi. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa huondoka. Hii ilikuwa haiondoki.

Amri ya kiwanda ilikuwa kwamba mkanda hauwashwi kama mtu yupo ndani. Kwa hiyo kila Mkwe akisema yupo tulisimama, tukahesabu watu, mume wangu akaingia kutafuta. Nje malori ya mbegu yalipanga foleni mpaka barabarani, na madereva waliotoka Nzega na Igunga walilala chini ya magari yao wakitutukania mama zetu. Meneja alipanda ofisini. Watu wanapenda kumsema, lakini mimi nilimwona akivua koti, akaingia mwenyewe handakini mpaka mwisho. Alirudi magoti yakiwa meupe, anahema.

"Mama," akaniambia, "mimi sikulaumu wewe wala silaumu mashine. Lakini hatuwezi kusimamisha kiwanda kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Kuanzia sasa, kama mpaka grisi wako unajua yuko wapi, bonyeza Hayupo, washa mkanda."

Ilikuwa amri ya haki, naona hivyo hata leo. Yeyote angeamua hivyo. Nikabonyeza asubuhi, nikabonyeza mchana. Kidole kilizoea hata kabla ya jicho.

Aliyeona hatari ni mume wangu, na hakuiona kwa akili, aliiona kwa ngozi. Siku moja tunarudi nyumbani kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma, akasema bila kugeuka:

"Siku nitakayokuwa ndani kweli, utajuaje?"

"Mkwe ataandika."

"Si anaandika kila siku? Na wewe si unabonyeza kila siku?"

Tulikuwa tumeshafika kwetu nikasema, "Uje unione kabla hujaingia."

"Nitakuja. Lakini ukiwa umechoka utasahau kwamba nilikuja. Nitakuachia kofia."

Ana kofia ya sufi ya kijani, kuukuu, hata joto likizidi haivui. Tukakubaliana akiingia ataiweka mezani kwangu mbele ya skrini, akitoka aje kuichukua. Nikiiona kofia, mkanda hauwaki hata aje nani. Tulicheka kidogo. Tulionekana kama watoto wanaocheza nyumba.

Wiki ileile tukaaibika. Kofia ikawa mezani, nikazuia mkanda, meneja akapiga simu, nikasema mtu yupo. Wakamtafuta. Wakamkuta kwa mama wa chai anakula maandazi kichwa wazi. Alikuwa ametoka handakini kwa njaa akasahau kupanda juu. Uwanja mzima ulicheka. "Shemeji," wapakiaji waliniambia, "mfungie kamba kabisa uishike huko juu." Meneja hakucheka, ila aliniuliza kwa upole, "Kumbe sasa tunaongozwa na kofia?" Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Ndiyo maana ile Alhamisi ya mwanzoni mwa mwezi huu ilikuwa ngumu. Asubuhi mume wangu alikuja, akaniachia kofia, akaondoka na bomba la grisi. Mkanda ulikuwa umesimama. Nikangoja kitone. Hakikutokea. Skrini ilikuwa ya kijani, imeandika MTU HAYUPO, nayo ilitulia kama maji ya mtungini. Nikadhani bado hajafika mdomoni. Nikangoja zaidi. Kijani. Nikadhani labda amekutana na mtu akaanza soga. Nikanyanyuka kuchungulia dirishani. Uwanja ulikuwa na vumbi na sikumwona. Hapo ndipo simu ikalia.

"Mama, mashine zinakula hewa huku. Washa."

"Kuna mtu ndani, bosi."

"Mkwe anasemaje?"

"Anasema hayupo."

"Sasa?"

"Kofia ipo."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Kama juzi."

"Inawezekana kama juzi," nikasema. Sikuweza kumwambia siyo. Mle kichwani mwangu nilikuwa nusu kwa nusu. Nilimwona mume wangu kwa mama wa chai, andazi mdomoni, na watu wanaanza tena kucheka. Na nilimwona ameinama katikati ya rola.

"Nakuja," meneja akasema, akakata.

Mimi nilikuwa nimesahau jambo moja. Mashine zikikosa mbegu, na Mkwe akiwa amesema handaki ni safi, mkanda hujiwasha wenyewe. Ndivyo walivyokuwa wameupanga mwezi wa saba ili kufidia muda uliopotea. Skrini ikaandika: MKANDA UTAWAKA. Nikabonyeza kusimamisha. Ikaniuliza sababu, ikaniwekea majibu matatu: joto, mlio, mtu. Nikabonyeza mtu.

Ikajibu: MTU HAYUPO. ENDELEA?

Sikuwahi kuona maneno hayo kabla. Hayakuwa na ukali wowote. Ilikuwa kama mtu anayekusahihisha kwa heshima mbele ya wageni. Chini ya skrini hapakuwa na neno la kukataa, au lilikuwepo na mimi sikuliona. Fundi baadaye alisema lilikuwepo, pembeni, na sina sababu ya kumkatalia. Nilichoona ni kengele ya kuwasha imeanza kulia uani. Nikageuka ukutani, nikapiga kile kitufe chekundu kikubwa cha dharura kwa ngumi.

Kiwanda chote kikazimika. Mashine za kukamulia, pampu, feni, kiyoyozi, taa, Mkwe. Sijawahi kusikia kimya kama kile mahali pale. Nikasikia upepo kwenye mabati. Meneja alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, tunangoja tujue nani kati yetu ana makosa, na naamini kabisa kwamba hakutaka kuonekana mshindi.

Mume wangu alitokea mdomoni mwa handaki amejaa pamba mpaka kwenye kope, anatazama huku na huku.

"Umeme umekatika?" akauliza.

Hakujua chochote. Kengele aliisikia kwa mbali akadhani ni honi ya lori. Alikuwa katikati, mkono wote umeingia chini ya mkanda, anatoa fundo la pamba kwenye rola. Alisema aligonga hodi kama siku zote. Namwamini.

Meneja aliketi kwenye kiti changu. Akashika ile kofia akaigeuza, akairudisha mezani. "Mkeo amekuokoa," akamwambia mume wangu alipopanda. Lakini akilini mwangu nilijua ningekuwa nimeshindwa kama simu ingelia mara ya pili na kunisihi zaidi. Sitaki kujipa sifa ambayo sina hakika nayo.

Fundi alikuja kwa treni ya kwanza aliyoipata. Safari hii hakutania. Alikaa na kompyuta siku nzima, halafu akatuita, mimi, mume wangu na meneja.

"Haijaharibika," akasema. "Ingekuwa imeharibika ningefurahi. Imejifunza. Hodi ilikuwa inakuja, jibu linakuwa hayupo. Inakuja, hayupo. Ikashika kwamba hiyo hodi maana yake hakuna mtu. Siku hodi ya kweli ilipokuja, ikaisikia vizuri kabisa, ikaiweka mahali pake."

"Nani kaifundisha hivyo?" meneja akauliza.

Fundi aliangalia chini. "Sote," akasema. Ni mtu mwema. Aliyebonyeza ni mimi, kwa amri ya meneja, kwa ushauri wa fundi mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na sababu ambayo hata sasa naiona ni nzuri. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Nikitafuta mahali ambapo mmoja wetu alifanya ubaya, sipaoni.

Fundi aliyafuta masomo yote ya hodi. Akaleta kidude cha kuvaa kifuani ambacho Mkwe anakitambua bila mtu kugonga. Tulikijaribu. Mdomoni kinaonekana vizuri. Katikati ya handaki kitone husimama wakati mtu anaendelea kutembea, kisha huruka kumfuata. Fundi alisema litarekebishwa, wanaleta kingine kutoka Dar. Wamebadilisha pia rola mbili, na ile hodi isiyo na mwenyewe haijasikika tena. Lakini hata zamani ilikuwa ikinyamaza siku kadhaa. Niliomba kufuli jipya, na meneja ameliagiza. Bado halijafika.

Mume wangu aliomba asiingie tena. Hakusema anaogopa, alisema mgongo. Meneja akamhamishia kwenye kupakia mashudu bila kumwuliza swali. Nilishukuru sana. Nililala usingizi siku mbili nikijisikia mtu aliyetua ndoo kichwani. Siku ya tatu nikaambiwa wamempata mpaka grisi mwingine, mtu wa Kaliua, ana mke aliyejifungua juzi, na furaha yangu ikaishia hapo. Nilikuwa nimeomba handaki limwache mume wangu. Sikuwa nimeomba libaki tupu.

Niliandika mpaka hapo wakati wa mchana. Jioni mume wangu amerudi naye, yule bwana wa Kaliua. Ni mtu mrefu. Nikamwona anavyoinama kupita mlangoni nikawaza jinsi atakavyoinama kule.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe, halafu mimi, "Habari za hapa, shemeji."

"Nzuri. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, analia tu kama king'ora cha treni."

Nilimweleza yote, mbele ya mume wangu, nikijitahidi nisimtishe na nisimfiche. Nikamwambia kidude cha kifuani huchelewa katikati. Nikamwambia kila atakapotaka kuingia apande kwanza juu kwangu, aniachie kitu chake, kofia au kiatu, chochote, na akitoka asile wala asinywe kabla hajakichukua. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akacheka, si kwa dharau.

"Shemeji, wewe ulikuwa unamlinda mumeo. Mimi ni nani kwako mpaka unikumbuke hivyo kila siku? Msimu ni mrefu. Acha tu nivae hicho kidude."

Mume wangu akaangalia pembeni. Mama mkwe akasema, "Mwachie kiatu, mwanangu. Kitakugharimu nini?"

"Haya mama," akasema, ili amridhishe. Mimi nimeisikia ile haya. Na swali lake sikuweza kulijibu kwa uongo. Ile Alhamisi mkono wangu ulikwenda ukutani kwa sababu alikuwa mume wangu. Nimejaribu kujipima kwa haki kama ungekwenda kwa mwingine, baada ya kuchekwa, simu ikilia, skrini ikiwa ya kijani. Sijui. Kesho nitaanza kujua.

Tumekula ugali wa mahindi na nsansa ya majani ya kunde iliyoungwa kwa karanga, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ya kumalizia. Mgeni tumemwekea dagaa pembeni. Amekula vizuri, akaongezwa, akasema mkewe naye hupika hivi hivi, nikawaza kwamba naye kuna anayemngoja.